Bima ya skeitipaki: mwaka wa nne sasa, kampuni mbili, na ule ukurasa wa 11

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka achukue chake aende. Bima niliyonayo sasa naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ile niliyoanza nayo naipa moja, na hiyo moja yenyewe ni kwa sababu hati yao ilikuja imechapwa vizuri kwenye karatasi nzito, basi. Majina ya kampuni sitaji, maana shida haikuwa kwenye jina, ilikuwa kwenye maneno ya ndani, na maneno yale yale unaweza kuyakuta kwa kampuni yoyote.

Kwa wasiojua kazi yangu, naendesha skeitipaki ya ndani, yaani uwanja wa skeitibodi na michezo mingine ya magurudumu, rampu za mbao, boli moja (lile shimo lililopinda kama bakuli), kona ya watoto wanaoanza, BMX, zile baiskeli ndogo za michezo, wana siku zao mbili kwa wiki, rola, wale wa viatu vya magurudumu, wana usiku wao, na skuta, zile za kusukuma kwa mguu, wapo kila siku maana siku hizi skuta ndo wengi, upende usipende. Yaani ni sehemu ambayo watu wanalipa kiingilio ili waje waanguke kwa hiari yao. Ndo maana mabwana wa bima wakisikia neno skeitipaki wanakohoa kwanza.

Haya, ile ya kwanza. Nilinunua kama anavyonunua mwenye duka au mwenye ukumbi, bima ya dhima kwa umma, ile ya mtu akiumia kwako akakudai. Wakala alikuwa kijana mchangamfu, akaniambia "hapa umefunikwa kila kitu, lala usingizi", na mi nikalala kweli. Hati ilikuwa na kurasa thelathini na kitu, nani anasoma kurasa thelathini za bima wakati fundi anakusubiri umlipe plaiwudi? Niliangalia kiasi wanacholipa, nikaona kikubwa, nikaweka sahihi.

Miezi kama saba baadaye dogo mmoja akaanguka kwenye kwotapaipu ndogo, ile rampu iliyopinda kama robo ya bomba, mkono ukavunjika pale kwenye kifundo. Hakuna aliyekosea, alishuka, ubao ukatangulia, yeye akabaki. Mama yake akaniandikia barua ya heshima kabisa akiuliza gharama za hospitali anazielekeza wapi. Nikapiga simu kwenye kampuni nikiwa na amani zangu. Jamaa akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja tu, "alikuwa anatazama au anacheza?" Nikamwambia anacheza. Kimya. Halafu nasikia, "mzee, una hati yako hapo karibu? Hebu fungua ukurasa wa 11."

Ukurasa wa 11 ulisema kwa maneno machache tu kwamba mkataba hautalipa majeraha ya mtu yeyote aliyeumia wakati anashiriki mchezo, mazoezi au mashindano. Soma tena taratibu. Bibi aliyekuja kumtazama mjukuu akateleza kwenye ngazi, analipwa. Baba aliyerukiwa na ubao akiwa amekaa kwenye benchi, analipwa. Yule aliye juu ya magurudumu, ambaye ndo anayeanguka mara mia kwa siku, huyo hayumo. Ni sawa na kuajiri mlinzi wa usiku ukamwambia kila mtu mshughulikie isipokuwa mwizi.

Na hapa niseme ukweli, hawakunidanganya kwenye maandishi. Kizuizi hicho kwa washiriki ni cha kawaida sana kwenye bima za jumla, wanakiweka kwenye mikataba ya kila aina ya biashara na mwenye duka la viatu hata hakimhusu. Shida ni kumuuzia mtu wa skeitipaki hati ya mwenye duka la viatu halafu unamwambia alale. Yule mama kwa bahati alikuwa na bima yake ya afya ikabeba, hakunidai, ila mimi kulala ndo nikaacha.

Nikaanza kuuliza uliza, na nilichokielewa nakiandika hapa kwa sababu wakati ule ningempenda sana mtu wa kuniambia. Kuna bima tatu ambazo watu wanazichanganya kama ni moja. Ya kwanza ni hiyo ya wageni na watazamaji, kila kampuni inayo, ndo rahisi. Ya pili ni dhima kwa washiriki wenyewe, na hiyo lazima iandikwe kwa maneno, isipoandikwa haipo, hata wakala aape. Ya tatu ni ya ajali, ile inayolipia matibabu ya aliyeumia bila kuuliza nani alikosea, mara nyingi baada ya bima yake mwenyewe ya afya kumaliza sehemu yake. Hiyo ya tatu watu wanaidharau kwa sababu kiwango chake ni kidogo, ila mi naona ndo inayozima moto mapema, maana wengi wanaokwenda kwa wakili hawaendi kwa sababu wanakuchukia, wanaenda kwa sababu bili ya hospitali imekaa mezani na hakuna mtu anayepokea simu.

Basi nikahama. Safari hii sikwenda kwa wakala wa kila kitu, nikatafuta broka, yaani dalali wa bima, anayeshughulika na michezo tu, na tofauti niliiona kwenye fomu yenyewe. Ile kampuni ya kwanza iliniuliza ukubwa wa jengo na kama nina vizima moto. Huyu akaniletea fomu ndefu hadi nikachoka, rampu ya juu kabisa ina urefu gani, imejengwa na nani na mwaka gani, juu kuna plaiwudi tupu au kuna Skatelite, yale mabamba magumu ya kufunika rampu, je kuna shimo la sponji la kuangukia, kuna trampolini, mnakodisha mbao na helmeti, mnafundisha watoto, wafundishaji mmewachunguza historia zao, mnafanya mashindano yenye zawadi, mnalaza watoto kwenye kambi, BMX na skeitibodi wanapanda pamoja au tofauti. Nilinung'unika wakati najaza ila moyoni nilijua huyu sasa anajua anauza nini.

Halafu wakamleta mkaguzi. Nilidhani atakuja mtu wa suti apige picha mbili aondoke. Akaja mzee mmoja mtaratibu na tochi na kitambaa kwenye bega, akavua saa, akaingia chini ya rampu kwa magoti. Akakaa huko kama dakika ishirini anagonga gonga mbao. Alipotoka akapanda juu, akapitisha kiganja kwenye kopingi, lile bomba la chuma la ukingoni, kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole kama mtu anayempapasa ng'ombe anayetaka kumnunua. Katikati akasimama. Akatoa kalamu mfukoni akaichomeka kati ya plaiwudi na bomba, na kalamu ikaingia.

Akaniambia, kijana wangu, gurudumu la BMX lina inchi 20, hapa linapita halijui kama kuna kitu. Gurudumu la skuta lina milimita kama 110, litaruka kidogo. Gurudumu la skeitibodi lina milimita 50 na kitu, na ni gumu, hili litaingia humu na litabaki humu, na mwenye ubao ataendelea na safari. Mi nimekaa na ile rampu miaka miwili sijawahi kuichomeka kalamu. Usipoziba ufa utajenga ukuta wanasema, kwangu ilikuwa ufa wa upana wa kalamu ya wino.

Akaomba na karatasi za mjenzi. Kumbe kuna kiwango cha Ulaya cha vifaa vya michezo ya magurudumu, EN 14974, na Wamarekani wana ASTM F2334 kwa paki za kusimamishwa juu ya sakafu kama yangu, na ukiwa na mjenzi aliyefuata kimojawapo na akakuandikia, bei ya bima inaongea lugha nyingine. Mimi rampu zangu mbili zilijengwa na washkaji kwa mapenzi yao na bia, karatasi hamna. Ikabidi nilipe mhandisi azikague upya. Iliniuma, ila mhandisi alikuta nguzo moja inabeba mzigo wa mbili, kwa hiyo nikanyamaza.

Sasa mazuri ya hii bima. Kwanza imeandika michezo kwa majina, skeitibodi, rola, skuta ya kusukuma kwa mguu, BMX. Haikusema "michezo ya magurudumu" ikaishia hapo, imetaja. Kama unanunua leo, usikubali neno la jumla, maana siku ya madai neno la jumla linafasiriwa na yule anayeshika pesa. Kuna jamaa mwenye paki alikuwa na hati imeandikwa skeitibodi tu, na robo tatu ya wateja wake ni watoto wa skuta. Nilimuonea huruma, ila naye hakuwa amesoma, kama mimi.

Pili ni dada wa madai. Huyu dada nusu ya zile nyota ni zake peke yake. Ilikuwa hivi, mtu mzima mmoja wa rola alivunjika kifundo cha mguu kwetu, tukamhudumia, tukaandika, akaondoka. Kimya miezi kumi na moja. Siku moja barua ya wakili hiyo, inasema sakafu ilikuwa imenyanyuka na sisi tulijua. Mikono ikaniganda. Dada akapokea simu mwenyewe, hakunipeleka kwenye ule muziki wa kusubiri, akasema "kaka tulia, usimjibu wakili, usimpigie mteja, usiandike chochote mtandaoni, nitumie tu daftari la siku ile."

Daftari. Hili daftari nilikuwa naliona usumbufu wa bima, wanataka kila asubuhi kabla ya kufungua mtu azunguke rampu zote aandike na kusaini. Tukafunua siku ile. Kijana wetu wa zamu ameandika kwa mwandiko wake wa kuku, "kona ya kushoto plaiwudi imenyanyuka, nimefunga koni na utepe, fundi anakuja jioni", saa, sahihi. Na alikuwa amepiga picha. Na kwenye kamera anaonekana yule bwana anasogeza koni kwa mguu ili apate njia ndefu ya kuchukua kasi. Dada akaviandikia vyote kwa mpangilio akavituma, na ile bima ndogo ya ajali ikamlipia bwana matibabu yake kama ilivyoahidi, wakili hakuandika tena. Yule kijana nilimuongeza mshahara, mwandiko wake siusemi tena vibaya.

Mabaya yapo, tena ya kutosha. Premiamu, yaani ada ya bima, ilipanda mwaka uliofuata ingawa hatukupatikana na kosa. Nilipouliza nikaambiwa wanahesabu idadi ya madai, siyo nani alishinda. Sawa, ila inakera, yaani unafanya kila kitu sawasawa na bado unalipa zaidi. Halafu kuna ekses, ile sehemu unayoanza kulipa mwenyewe kabla wao hawajagusa mfuko, kwetu ni kubwa kiasi kwamba majeraha madogo yote ni yangu tu. Na kile kiwango kikubwa unachokiona ukurasa wa kwanza, angalia kama ni kwa kila tukio au ni jumla ya mwaka mzima, vitu viwili tofauti kabisa hivyo. Changu kina vyote viwili, na cha mwaka mzima hakijaizidi sana cha tukio moja, maana yake mwaka wenye mikosi miwili mikubwa wa pili unaweza kunikuta na mfuko uliotoboka.

Shimo la sponji wamelikataa kabisa. Nilibishana. Wakaniambia sponji zile zinashika moto haraka mno, na watu wanatua kwa shingo wakidhani kulaini maana yake ni salama. Nikaliondoa. Watoto walinuna wiki tatu, nikaweka rampu ya kutua yenye tabaka laini, hiyo walau waliikubali kwa nyongeza kidogo.

Lakini inayonitesa kila siku ni ya helmeti. Kwenye mkataba siyo ushauri, ni sharti, kila aliye kwenye rampu awe na helmeti yenye kiwango cha usalama cha EN 1078 au ASTM F1492, na aliyeumia akionekana kwenye kamera hana, wana haki ya kutolipa. Watoto hawana shida, wanavaa kama kofia ya shule. Shida ni wazee wa mchezo. Kuna mzee wetu mmoja anateleza vizuri kuliko wote mle ndani, mtaratibu, mstaarabu, ila helmeti kwake ni matusi. Kila jumamosi ni mjadala ule ule, "mimi nimeanza haya mambo kabla hujajua kutembea", na mimi namwambia shikamoo mzee, najua, lakini mkataba haukujui. Sasa hivi anavaa akiwa kwenye boli, akitoka anaivua anaishika mkononi kama ndoo. Nashukuru kwa hilo.

Watu huwa wananiuliza, kwani si una ile fomu wanasaini mlangoni ya kukubali hatari? Ninayo, na bima inaitaka, ila jamani msiitegemee kama ukuta. Uingereza kwa mfano tangu sheria yao ya mikataba ya mwaka 1977 biashara haiwezi kujivua kwa karatasi lawama ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake, uandike herufi kubwa unavyotaka. Na kwa watoto ndo kabisa, sehemu nyingi sahihi ya mzazi haiwezi kuuza haki ya mtoto. Fomu inasaidia kuonyesha kwamba mtu aliambiwa, alijua anaingia wapi.

Na mtoto ana jambo lingine ambalo nusura linipite. Kuna bima inayolipa tukio lililotokea ndani ya muda wake, hata dai likija miaka baadaye, na kuna inayolipa dai lililoletwa ndani ya muda wake tu. Ile ya kwanza yangu ilikuwa aina hii ya pili. Sasa chukua Uingereza tena, mtoto akiumia saa yake ya kisheria ya miaka mitatu inaanza kuhesabu akifika miaka 18, maana yake aliyeanguka na miaka tisa anaweza kukudai mpaka anafika 21. Miaka kumi na mbili! Kampuni umeshahama mara tatu. Nilipokuwa nahama wakaniuliza kama nataka kununua "mkia", yaani ulinzi wa madai yatakayokuja nyuma. Nikapiga hesabu nikakumbuka washiriki hawakuwemo tangu mwanzo, kwa hiyo walikuwa wananiuzia mkia wa ng'ombe asiyekuwepo. Hii ya sasa ni ya tukio, na madaftari nayatunza kwenye sanduku la bati, hayatupwi.

Siwalaumu sana watu wa bima kwa woga wao, historia wanaijua. Skeitipaki ya Carlsbad kule California ilifunguliwa mwaka 1976, ikafuatwa na nyingine nyingi Marekani nzima kama uyoga, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 80 nyingi zilikuwa zimebomolewa au kufukiwa, gharama za bima zikiwa sababu kubwa mojawapo. Del Mar yenyewe, paki nyingine ya huko California, na jina lake lote, ikafungwa 1987. Mpaka California walipopitisha sheria mwaka 1997 ya kuuingiza mchezo wa skeitibodi kwenye michezo ya hatari kwa masharti, helmeti na pedi za viwiko na magoti zikiwemo, ndo halmashauri zikapata moyo wa kujenga tena paki za umma. Ila na wao wasasishe fomu zao basi, mchezo umeingia Olimpiki tangu Tokyo mwaka 2021 na bado kwenye fomu niliyojaza uko kiboksi kimoja na kuruka na parachuti.

Mashindano ni hadithi fupi, hayamo, unanunua ya siku hizo tu. Kama waandaaji wana chama chenye bima ya wanachama wake, omba uione, na angalia kama inawafunika na wale waliokuja siku hiyo tu bila uanachama. Mara nyingi wanakuwa nusu ya watu.

Sasa hivi niko kwenye kuhuisha, na fomu ya mwaka huu imekuja na swali jipya, "je, mnaruhusu vifaa vyenye mota?" Skuta za umeme, mbao za umeme. Mkataba wa zamani ulisema skuta ya kusukuma kwa mguu, ila watoto wameanza kuja na za umeme wanazizima wanasema kaka si nasukuma kwa mguu, ona. Na betri zile wanataka kuzichaji kwenye soketi ya chini ya rampu ya mbao! Nimemwandikia broka nikataka jibu la maandishi, siyo la simu, siyo la "lala usingizi". Siku ya sita leo bado hajajibu, nusu nyota nyingine inaning'inia hapo. Kwa sasa za umeme zinapangwa nje ya mlango, na leo asubuhi nilizihesabu zilikuwa nne.